Kilele cha kipimajoto si jibu

Nimeletewa tena ripoti ya kalorimita, chombo cha kupimia joto la mmenyuko, iliyofanywa hivi: chukua halijoto ya juu kabisa, toa ya mwanzo, zidisha kwa uzito na kwa 4.18 (jouli zinazopandisha gramu 1 ya maji nyuzi 1), maliza. Jamani, hapana!

Kwenye kilele, joto linalotolewa na mmenyuko limelingana kwa kasi na joto linalovuja nje. Basi. Kalorimita ilishaanza kuvuja tangu ilipoipita halijoto ya chumba, kwa hiyo namba hiyo ni pungufu. Asidi kali na besi kali zinakusitiri kwa sababu zinamalizana papo hapo. Unapata karibu kilojuli 57 kwa kila moli ya maji, unaondoka ukidhani njia yako ni nzuri. Hebu tia unga wa zinki kwenye salfeti ya shaba. Mmenyuko unaweza kuchukua dakika kadhaa, na muda wote huo joto linatoroka.

Soma kipimajoto dakika chache kabla ya kuchanganya, kisha usikiache hata kilele kikishapita, uchore grafu ya halijoto dhidi ya muda. Mteremko wa mwishoni, ule ambao watu hawana subira ya kuungoja, ndio unaosema chombo kinavuja kwa kasi gani. Uvute kwa rula kurudi nyuma hadi wakati wa kuchanganya, upime hapo pengo kati yake na mstari wa kabla ya kuchanganya.

Hata hivyo moyo wangu hautulii. Kuuvuta mstari hadi sekunde ya kuchanganya ni kudai kwamba joto lote lilitoka sekunde ile. Kwa zinki si kweli, na tunasahihisha kupita kiasi. Wanaotumia kalorimita ya bomu, chombo imara kilichofungwa ambamo kitu huunguzwa kwa oksijeni, hupima pengo pale halijoto ilipofikia takriban asilimia 60 ya kupanda kwake. Naiamini zaidi njia hiyo, ingawa nayo inategemea umbo la grafu, na kwenye data chache watu wawili wenye rula watatofautiana.

Na hiyo 4.18 ni ya maji matupu. Mmumunyo wa chumvi huhitaji joto pungufu kidogo kwa kila gramu, ila mililita yake ni nzito zaidi. Ukihesabu kila mililita kuwa gramu 1, makosa mawili yanafichana kwa sehemu. Chombo chenyewe, kikoroga na kipimajoto navyo vinakula joto. Kwenye bomu tunaunguza asidi ya benzoiki, karibu kilojuli 26.4 kwa gramu, tujue mtambo mzima unahitaji kiasi gani kupanda nyuzi 1. Kwenye kalorimita ya kawaida tumbukiza hita ya umeme, zidisha volti kwa ampea kwa sekunde, uone imepanda nyuzi ngapi. Ukishajua joto linalohitajika kwa kila nyuzi, 4.18 huihitaji tena.