Klabu ya kampuni ni nini? Mfano wa Zhytlobud-1 ya Kharkiv

Klabu ya kampuni ni timu ambayo mishahara, kambi, nauli na vifaa vyake hulipwa na kiwanda au kampuni moja, na mara nyingi hubeba jina la huyo anayelipa. Wengi wetu tumezoea kuiita timu ya shirika. Haiendeshwi kwa kiingilio cha mlangoni wala kwa ada za wanachama. Inaendeshwa kwa sababu kuna mtu ofisini anayeidhinisha malipo kila mwezi.

Isichanganywe na timu yenye mdhamini. Mdhamini ananunua nafasi kifuani mwa jezi, mkataba ukiisha anaondoka, na klabu inabaki kwa wenyewe. Kwenye klabu ya kampuni, kampuni ndiyo mwenyewe. Ikichoka au ikifilisika, kinachobaki ni wachezaji, kocha na mikoba yao, na hapo ndipo hutafutwa tajiri mwingine, jina jingine, pengine hata mji mwingine.

Bila kuishika tofauti hiyo, historia ya soka la wanawake la Ukraine inachanganya kichwa. Timu iliyotawala kwa miaka mingi iliitwa Zhytlobud-1. Mpinzani wake mkubwa aliitwa Zhytlobud-2. Zote mbili zilikuwa za mji mmoja, Kharkiv, ulio wa pili kwa ukubwa nchini. Mtu angedhani ni kikosi cha kwanza na cha akiba. Sivyo. Ni kampuni mbili tofauti za kujenga nyumba za makazi, na namba zile ni za kampuni zenyewe, zilizoanza kama mashirika ya ujenzi ya enzi za Kisovieti.

Desturi ya timu kuwa ya kazi fulani ni ya enzi hizohizo. Dynamo ilikuwa ya polisi na vyombo vya usalama, Lokomotiv ya watu wa reli, Metalist ya wafanyakazi wa viwanda vya chuma, Shakhtar ya wachimba makaa ya mawe. Ila mfumo huo ulijengwa kwa ajili ya wanaume. Januari 1973 kamati ya michezo ya Umoja wa Kisovieti ilitoa agizo la kuyapiga marufuku mambo iliyoyaona yanapotosha michezo, na soka la wanawake likawekwa kapu moja na karate, yoga, utunishaji misuli na mchezo wa karata wa bridge. Wanawake hawakuwa wamefanya kosa lolote zaidi ya kuupenda mpira, lakini kwa miaka kama 15 hakukuwa na kiwanda ambacho kingethubutu kuwanunulia jezi.

Mlango ulifunguka mwishoni mwa miaka ya 1980. Ubingwa wa kwanza wa wanawake wa Umoja wa Kisovieti ulichezwa 1990 na ukachukuliwa na Nyva, timu ya Ukraine. Kwa hiyo Ukraine haikuanza ikiwa nyuma. Ilianza ikiwa juu. Nchi ilipojitenga, ligi yake ya wanawake ikaanza 1992 na Dynamo Kyiv wakawa mabingwa wa kwanza.

Kisha uchumi ukaanguka. Mwaka 1993 mfumuko wa bei wa Ukraine ulizidi asilimia 10,000, na viwanda vilivyokuwa vinalea timu vikashindwa kuwalipa hata mafundi wao. Hesabu zinapokatwa, timu ya wanawake huwa ya kwanza kukatwa, maana ni gharama ambayo hakuna anayeandamana ikifutwa. Ndiyo sababu orodha ya mabingwa wa miaka ya mwanzo imejaa majina ambayo leo hayapo.

Zilizodumu ni zile zilizopata wa kuzishika mkono. Chernihiv, mji ulio kaskazini mwa Kyiv, ulikuwa na Lehenda, ambayo kwa kipindi fulani ilicheza kwa jina la Lehenda-Cheksil, Cheksil ikiwa ni kiwanda cha nguo cha hapohapo. Kharkiv nako kulikuwa na Kharkiv-Kondytsioner, jina linalotokana na kiwanda cha viyoyozi, na baadaye Arsenal, ambayo haina undugu wowote na ile ya London. Majina hayo yalipokezana kwa kasi, lakini ukifuata wachezaji badala ya majina unakuta nyuso zilezile zikihama na mwajiri mmoja hadi mwingine.

Lehenda ilitwaa ubingwa wa 2009 na 2010. Mwaka huo wa 2009 Ukraine ilicheza fainali za Ulaya za wanawake nchini Finland, kwa mara ya kwanza na hadi leo ya pekee. Ilifungwa na Uholanzi, ikafungwa na Denmark 2-1, kisha ikawachapa wenyeji bao 1-0. Bao lile dhidi ya Denmark, la kwanza kwa Ukraine kwenye fainali hizo, lilifungwa na Daryna Apanashchenko, aliyekulia kisoka Lehenda na miaka ya baadaye akachezea Kharkiv.

Baada ya hapo ikaja zamu ya wajenzi. Kuanzia 2011 hadi 2021 ubingwa wa Ukraine haukutoka Kharkiv. Mwanzoni ulikuwa wa Zhytlobud-1 peke yake, halafu Zhytlobud-2 ikaingia na kuuchukua 2016 na 2017, na toka hapo wakawa wanapokonyana. Nchi nzima ilikuwa inasubiri kuona kampuni ipi ya ujenzi ya Kharkiv imesajili vizuri zaidi. Kwa ushindani wa ligi haikuwa afya, nami sioni haja ya kuipamba. Lakini ukimuuliza mchezaji wa wakati ule, angekuambia kwamba kwa mwajiri wa aina hiyo mshahara ulifika, na kwamba kuwa na waajiri wawili mji mmoja kulimpa pa kukimbilia akikosana na mmoja.

Kampuni ya ujenzi inapata nini? Fedha za moja kwa moja hakuna. Tiketi na haki za televisheni za soka la wanawake haziwezi kulipia hata basi la msimu. Inachopata ni jina. Anayeuza nyumba anahitaji kutajwa kwa wema mjini, na timu ya wanawake ni nafuu mno kuliko ya wanaume huku ikileta makombe na safari za Ulaya. Kwa bajeti ambayo kwenye ligi ya wanaume ingekuweka mkiani, kwa wanawake unakuwa bingwa.

Kilele kilikuwa msimu wa 2021–22, UEFA ilipoanzisha hatua ya makundi kwenye Ligi ya Mabingwa ya wanawake kwa mara ya kwanza. Zhytlobud-1 ikafuzu, na ikapangwa na Paris Saint-Germain, Real Madrid na Breiðablik ya Iceland. PSG walimaliza kundi na mabao 25 bila kuruhusu hata moja, jambo linalokuonyesha pengo lililopo kati ya klabu yenye mji mkuu wa Ufaransa nyuma yake na timu ya kampuni ya nyumba. Hata hivyo Kharkiv haikuburuza mkia: ilitoka sare na Breiðablik nyumbani, ikawafunga 2-0 kwao, ikamaliza ya tatu na pointi 4.

Februari 24, 2022 Urusi ilivamia Ukraine. Ligi ikasimama, na msimu ukafungwa bila bingwa. Kharkiv uko karibu sana na mpaka na ulipigwa tangu siku za mwanzo. Kule Chernihiv, uwanja mkuu wa mji ulibomolewa kwa mabomu Machi mwaka huohuo. Mariupol ulitekwa, na timu ya wanawake ya mji huo ikaundwa upya huko Demydiv, karibu na Kyiv, ikibeba jina la mji ambao haiwezi kukanyaga.

Mwaka huo wa 2022 ndipo Zhytlobud-1 ilipoliacha jina lake. Ikaingia kwenye klabu ya Vorskla ya Poltava, mji ulio umbali wa kilomita zipatazo 140, na kuvaa jina la mto unaopita hapo. Ligi iliporudi ilitwaa ubingwa wa 2022–23, kisha wa 2023–24. Zhytlobud-2 nayo baadaye ikawa timu ya wanawake ya Metalist 1925, jina lenye mizizi kwenye viwanda vya Kharkiv.

Huko ni kutoka aina moja ya klabu kwenda nyingine. Badala ya kuwa timu ya kampuni, inakuwa tawi la klabu ya wanaume. Msukumo ulitoka sehemu nyingi, mojawapo ikiwa kanuni za leseni za UEFA zinazozitaka klabu za wanaume zinazocheza Ulaya kuwa na shughuli za soka la wanawake. Shakhtar, ambayo vita vya 2014 viliifukuza Donetsk, ilianzisha timu yake ya wanawake 2021. Tawi lina faida zake: daktari, uwanja wa mazoezi, mashabiki ambao tayari wanaipenda rangi ya jezi.

Ila tegemeo halijaondoka, limehama tu. Mwaka 2025 wanaume wa Vorskla walishuka daraja kutoka ligi kuu. Timu ya wanawake, iliyoiletea Poltava ubingwa, ikajikuta ndani ya klabu ambayo upande wake wa wanaume umepoteza mapato ya ligi kuu.