Kupokea simu ya namba ngeni hakuhamishi pesa zako

Katika makundi ya vikoba na ya wazazi wa shule, kuanzia Mbagala hadi Tegeta, ujumbe huu haufi: usipokee simu ya namba fulani, ukiipokea tu simu yako inadukuliwa na pesa zote zinahama.

Si kweli. Kudukua ni kuingia kwenye kifaa au mfumo bila idhini ya mwenyewe. Wapo wanaofanya hivyo kwa wizi, wengine kwa ujasusi. Yapo mashambulizi adimu yanayotumia kasoro za programu, ndiyo maana inafaa kusasisha simu kila inapokukumbusha. Lakini kutoa pesa kwenye laini kunahitaji namba ya siri, na kusema "haloo" hakuitoi.

Mkanganyiko unatokana na jambo la kweli: matapeli hupiga simu. Hujifanya watoa huduma, hudai pesa imetumwa kimakosa, hukuharakisha mpaka utaje namba ya siri au tarakimu za uthibitisho zilizoingia kwa ujumbe mfupi. Pesa zikishapotea, aliyeibiwa huikumbuka simu kuliko tarakimu alizozitaja. Inauma, wala si ujinga wake.

Ukiwa na shaka, kata simu, kisha piga mwenyewe namba rasmi ya mtandao wako. Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Tafadhali, ujumbe ule usiusambaze tena: tapeli hubadilisha namba apendavyo, na anayeikwepa hiyo moja anaweza kuiamini inayofuata.