Maji ya moto yakikatika-katika, usikimbilie kupandisha nyuzi za joto

Wengi wanaoishi Uingereza kwenye nyumba zenye boila ya gesi isiyo na tangi huamini kwamba maji ya kuoga yakiwa moto, yakapoa, kisha yakawa moto tena, dawa ni kupandisha nyuzi za joto. Si kweli, na mara nyingi kufanya hivyo huzidisha tatizo.

Ndani ya boila hiyo kuna kifaa cha sahani nyembamba zilizobanana. Upande mmoja hupita maji yanayozunguka ndani ya boila yaliyopashwa moto na gesi, upande wa pili maji ya bomba, na joto huvuka bila maji kuchanganyika. London na kusini-mashariki mwa Uingereza maji yana chokaa nyingi, na chokaa huganda haraka zaidi joto linapopanda. Njia zikiziba, joto halivuki vizuri. Sensa, yaani kipima joto cha ndani, inaona boila inazidi kuchemka, moto unazimwa. Ikipoa, inawaka tena, nawe unaoga kwa vipindi. Ukiongeza nyuzi, moto unazimwa mapema zaidi.

Jaribu kwanza kushusha hadi nyuzi 50 hivi. Fungua pia bomba zaidi kidogo, kwa sababu mtiririko ukiwa mdogo mno boila haiwaki kabisa. Radieta, vile vyuma vya ukutani vya kupasha joto vyumba kwa maji ya boila hiyo hiyo, zikipata moto vizuri huku bomba likisumbua, huenda gesi yenyewe haina kosa. Shuku zile sahani, au vali inayogeuza njia ya maji.

Kufungua kifuniko cha boila, tafadhali, mwachie fundi aliyesajiliwa na Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi. Monoksidi ya kaboni, gesi yenye sumu inayoweza kutoka kwenye boila yenye hitilafu, haina harufu, na inaua.