Amplifaya ya hedifoni ya dola elfu moja: pesa yako inaenda wapi kiukweli

Kuna mchezo watu wanaupenda sana. Mtu anafungua amplifaya ya hedifoni, kile kifaa cha kuongeza nguvu ya sauti inayokwenda kwenye hedifoni, ya bei mbaya, anapiga picha ya ndani, anahesabu kapasita na transista moja moja, anaenda kwenye duka la vipuri la mtandaoni anajumlisha, anapata dola 90, halafu anaandika kwa herufi kubwa WEZI HAWA. Upande wa pili kuna wale wanaoamini kwamba ukitoa dola elfu tatu unasikia vitu ambavyo mwenye ya dola mia hatakaa avisikie. Mi naona wote wanakosea palepale, wanadhani bei inatoka kwenye vipuri au kwenye sauti, kumbe sehemu kubwa inatoka kwenye idadi ya mashine zinazouzwa na mikono inayopitia kabla hazijakufikia.

DHANA: "Vipuri dola 90, wanauza 1,000, huo wizi wa mchana kweupe"

Tupige hesabu ya mfano tu. Ikiuzwa dukani, duka la hi-fi kwa kawaida linabaki na kitu kama asilimia 35 mpaka 40, kwahiyo kwenye elfu moja mtengenezaji anapata 600 na kidogo. Ikienda nchi nyingine kuna msambazaji katikati naye lazima ale. Sasa kwenye hiyo 600 ndo utoe vipuri, na vipuri sio kapasita peke yake jamani, kinachouma mara nyingi ni kasha, lile boksi zito la alumini linalochongwa na mashine ya kompyuta, ukitengeneza machache linaweza kuipita bei ya bodi nzima na kila kilichobandikwa juu yake. Kuna transfoma, kuna kuunganisha, kuna mtu anapima moja baada ya nyingine, kuna vipimo vya usalama wa umeme na vya kuhakikisha haivurugi mawimbi ya redio ili uruhusiwe kuuza Ulaya na Marekani, kuna pango la karakana, na kuna zile zinazorudi ndani ya garantii ambazo unatengeneza bure na nauli ya kurudisha ni juu yako.

Hapo bado hatujagusa usanifu wenyewe. Tuseme injinia kakaa mwaka mzima na kazi imekula dola 100,000, mshahara na bodi za majaribio na vifaa vya kupimia. Ukiuza amplifaya 200 kila moja imebeba dola 500 za usanifu mgongoni. Ukiuza 20,000 kila moja imebeba dola 5. Injinia ni yuleyule, sakiti ni ileile, sauti ileile. Ndo maana kitu cha wateja wachache ni ghali hata kama mwenye kampuni ni mtu mwema kuliko wote.

Ushahidi mzuri ninaoujua ni amplifaya inayoitwa O2. Mwaka 2011 jamaa mmoja aliyejiita NwAvGuy, ambaye mpaka leo hajajitambulisha hadharani, aliachia mchoro kamili wa amplifaya ya hedifoni bure, hakudai hata senti, na vipuri alivichagua makusudi viwe vya kawaida vya makumi ya dola. Mwaka uliofuata akapotea kimya. Kampuni kama JDS Labs ya Marekani wakaanza kuiuza ikiwa imeshaunganishwa, na bado ilikuwa inazidi dola 100. Yaani usanifu sifuri, vipuri rahisi, na bado ikavuka mia! Kilichobaki hapo ni boksi, kazi ya mikono, adapta, upimaji, garantii na riziki ya watu.

DHANA: "Ya bei kubwa lazima isikike vizuri zaidi"

Hapana, na hii inawauma wengi. Adapta ya Apple ya dola 9, kile kiwaya cha kuunganisha hedifoni kwenye simu chenye amplifaya ndogo ndani yake, ukiipima uchafu inaouongeza kwenye sauti ni mdogo kiasi kwamba sikio la mtu ni vigumu kuunasa. Halafu kuna Schiit, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 2010 na Jason Stoddard na Mike Moffat, ambao tayari walikuwa wazoefu wa biashara ya hi-fi. Mwishoni mwa 2012 wakatoa amplifaya yao ya Magni kwa dola 99, imeunganishwa Marekani kwelikweli, watu wakabaki mdomo wazi. Uchawi haukuwepo. Waliuza moja kwa moja kwa mteja, lile fungu la duka likafutika, kasha ni bati lililokunjwa badala ya alumini ya kuchonga, na umeme wa ukutani hauingii ndani ya mashine kabisa, unaishia kwenye adapta ya kuchomeka ukutani ambayo mtengenezaji wake alishaipitisha vipimo vya usalama. Hicho kijanja cha adapta watu hawakioni ila kinaokoa pesa nyingi mno.

Sasa nenda kwa amplifaya ya Benchmark HPA4, iliyotoka ikiwa karibu dola 3,000. Hiyo ina vipimo safi kweli na volumu yake inatumia rilei, yaani swichi ndogo zinazoendeshwa na umeme, badala ya kile kitasa cha kuzungusha cha kawaida, ni uhandisi wa kuheshimika, sikatai. Lakini unalipia usahihi, ujenzi na udumuo, muziki hauzidi utamu wa ile ya dola 99 mara thelathini.

DHANA: "Basi zote sawa tu, amplifaya haina kazi"

Hapa ndo wale waliofurahia aya iliyopita wanapoteleza. Chukua HiFiMan Susvara, hedifoni iliyotoka ikiwa dola 6,000, yenye ukinzani wa omu 60 na inayotoa sauti ya desibeli 83 tu ikipewa nguvu ya miliwati moja. Kila ukitaka desibeli 10 za ziada lazima wati ziongezeke mara kumi. Kwahiyo kufikia vilele vya desibeli 110 unahitaji kama miliwati 500, yaani volti 5 na nusu hivi, wakati adapta ya simu inaishia volti moja, na toleo la Ulaya hata hapo halifiki. Sio swala la imani hilo, ni hesabu. Na zile hedifoni za elektrostatiki, ambazo sauti inatoka kwenye utando mwembamba unaosukumwa na umeme tuli, kama Stax ya Japani, zinahitaji volti 580 za kudumu juu ya utando, hapo huchomeki simu hata ukiomba dua. Ukiwa na hedifoni isiyohitaji nguvu nyingi, pesa ya amplifaya ongeza kwenye hedifoni yenyewe, utasikia tofauti siku hiyohiyo.

DHANA: "Imetengenezwa kwa mkono, ndo maana ni bora"

Mara nyingi imetengenezwa kwa mkono kwasababu zinauzwa chache, haikulipa kuipanga kwenye mashine. Mashine ya kubandika vipuri haichoki wala haina Jumatatu mbaya.

DHANA: "Za China rahisi kwasababu ni feki"

Chukua watengenezaji wa amplifaya wa China, Topping wako Guangzhou, SMSL wako Shenzhen. Mwenye kuchonga kasha, mwenye kuchapa bodi na mwenye chipu wote wako jirani, wanauza mtandaoni dunia nzima kwa idadi kubwa, faida ndogo kwa kila moja. Rudia ile hesabu ya 200 na 20,000 utaelewa. Vipimo vyao vingi vinawatoa jasho wazungu. Unapohisi tofauti ni siku ikiharibika, kutuma mzigo Guangzhou na kusubiri.

DHANA: "Wenye hizi kampuni wanaogelea kwenye hela"

Wengine wapo vizuri, ila wengi ni watu kumi kumi na pesa yao yote imelala stoo. Oktoba 2020 kiwanda cha AKM, watengenezaji wa chipu, huko Nobeoka, Japani, kiliungua, chipu zao za kubadili dijitali kuwa sauti zikaadimika, na kampuni zilizokuwa zimejenga mashine juu ya chipu hizo zikalazimika kuchora bodi upya, gharama ya usanifu kwa mara ya pili kwa bidhaa ileile. Hawajapumua, 2022 Urusi ikazuia kuuza nje valvu, zile taa za kioo zinazotumika kwenye baadhi ya amplifaya badala ya transista, na kiwanda cha Saratov ndo kilikuwa kinalisha sehemu kubwa ya dunia. Bei zikapaa. Mtu alishachukua oda za wateja kwa bei ya zamani, afanyeje?

DHANA: "Naiweka, itapanda bei kama Orpheus"

Ile Orpheus ya kwanza, seti ya hedifoni na amplifaya yake ya kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani, ya mwaka 1991, zilitengenezwa kama 300 tu, na mrithi wake HE 1 alikuja na marumaru ya Carrara kwa kiasi cha euro 50,000. Hivyo ni vitu vya wakusanyaji. Yako ya dola 1,000 itashuka siku toleo jipya likitangazwa, na kwenye soko la mtumba mnunuzi atakuuliza kwanza kama boksi lake unalo. Kama ni ya valvu atakuuliza pia zimetumika masaa mangapi, na hapo ukijibu sijui, anakata dola mia.