Tawasifu si kila kitabu kinachomhusu mwanamuziki

Tawasifu ni maisha ya mtu yakisimuliwa na mwenyewe. Wasifu ni maisha ya mtu yakiandikwa na mwingine. Mwanafunzi wa sekondari anafundishwa hivyo na anajibu mtihani vizuri tu. Lakini hapa Mwanza, redioni, kwa wauza vitabu vya mitumba, hata kwenye mabishano ya wapenda muziki wa zamani, kila kitabu chenye picha ya mwimbaji jaladani kimekuwa tawasifu. Juzi mtangazaji mmoja alikitaja kitabu cha Shaaban Robert kuhusu Siti binti Saad akakiita "tawasifu ya malkia wa taarab". Nimeshalisikia kosa hilo mara nyingi mno, na kwa kitabu hicho linaniuma zaidi.

Linaniuma kwa sababu jibu liko jaladani: Wasifu wa Siti Binti Saad. Shaaban Robert hakuliokota neno hilo njiani. Ni yeye huyohuyo aliyeandika Maisha Yangu, na humo anajisimulia mwenyewe. Kazi zote mbili alizifanya na tofauti yake aliijua. Ukisema kitabu cha Siti ni tawasifu, umemnyang'anya Shaaban kazi yake, na Siti umemtwika maneno ambayo si yake. Siti alituachia nyimbo. Hukumu zilizomo kitabuni, nini kisifiwe na nini kipitwe haraka, ni za Shaaban, na atakayezipinga abishane na Shaaban.

Tuchukue jambo moja. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia ya watumwa, na jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Alikuwa akichukua vyungu kuvipeleka mjini kuviuza. Mwaka 1911 akahamia mjini, akafundishwa muziki, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Alipoanza kuvuma, wenye wivu walimwimbia kejeli: amekuwa mtu lini huyu, si juzi tu alikuja mjini na kaniki? Naye akawajibu kwa wimbo, kwamba sura nzuri na ukoo mkubwa si kitu, hasara ni kukosa akili.

Shaaban anaisimulia kejeli ile na jibu lake kama ushahidi wa tabia. Anataka msomaji amwone mwanamke aliyepanda kwa juhudi na adabu, amuige. Hiyo ni kazi halali ya wasifu: mwandishi anamtazama mtu mzima, tangu kuzaliwa hadi kufa, na anatoa picha yake.

Sasa mchukue Laura Fair, mwanahistoria wa Marekani, katika kitabu chake kuhusu starehe na siasa Zanzibar kilichotoka 2001. Kaniki ni ileile, ila yeye anaiulizia mambo mengine. Utumwa ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897. Kaniki lilikuwa vazi la watumwa, na walioachwa huru walikimbilia kanga ili wasitambulike kwa nguo. Kwa hiyo kumwambia mtu hadharani kwamba alikuja na kaniki ni kumrudisha utumwani kwa maneno. Fair aliwaendea wazee wa Zanzibar, akawasikiliza wanavyozikumbuka nyimbo za Siti na watu waliotajwa humo, akajenga hoja kuhusu mji mzima na nani ndani yake alihesabiwa kuwa raia wa heshima. Kitabu hicho si wasifu, licha ya kwamba Siti amepewa sura nzima. Ni utafiti. Nimesikia kikilaumiwa kwamba hakisemi vya kutosha kuhusu ndoa na watoto wake. Hakikuahidi kusema.

Na tawasifu je? Ingekuwapo, ingetupa kitu ambacho Shaaban na Fair hawana njia ya kukipata: siku ile kejeli ilipomfikia, alikuwa wapi, nani aliyemletea, na alikaa muda gani kabla ya kutunga jibu. Hilo ni Siti peke yake aliyelijua. Ndiyo maana siwezi kukubali jina hilo ligawiwe kila kitabu.

Wabishi huniletea Michael Jackson. Moonwalk, kilichotoka 1988, wanasema hakuketi mezani kukiandika neno kwa neno. Kulikuwa na waandishi na wahariri waliomsaidia, na Jacqueline Onassis ndiye aliyekisimamia kwa mchapishaji na kukiandikia dibaji. Ni kweli, na bado ni tawasifu. Kinachoamua si mkono ulioshika kalamu. Kinachoamua ni nani anasema "mimi" na kusimama nyuma ya kila sentensi. Jina la Michael liko pale, na lawama ni yake. Kitabu cha J. Randy Taraborrelli cha 1991 ni wasifu, hata kama mwandishi alimfahamu Michael tangu utotoni. Kile cha La Toya, dada yake, ni tawasifu, ila ni tawasifu ya La Toya. Michael anapita humo kama kaka. Kuwa ndugu wa mtu hakukupi "mimi" yake.

Kuna tatizo jingine lililojificha. Wasifu ni ndugu wa neno sifa, na wengi wetu tunalisikia msibani, pale wasifu wa marehemu unaposomwa na hakuna atakayetaja deni wala ugomvi. Tumezoea hivyo, basi kitabu kikimkosoa mwimbaji tunaona mwandishi amekosa adabu. Kusifu huko ni desturi ya msiba. Wasifu kitabuni una ruhusa ya kusema yote, mradi uwe na ushahidi.

Sisi wa ziwani tuna deni hapa. Saida Karoli, mtoto wa Kagera, aliimba Kihaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Maria Salome ukaimbwa na watu wasiojua hata salamu ya Kihaya; mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudisha kwa sura mpya. Akikaa na kinasa sauti na kusimulia mwenyewe, hata akisaidiwa kuandika, tutapata tawasifu. Mtu wa hapa akizunguka Bukoba na Mwanza kuwauliza waliomjua, atatupa wasifu. Mwingine akiuliza kwa nini wimbo wa Kihaya uliteka nchi nzima, huo ni utafiti, na huenda Saida akatajwa kurasa chache tu. Ningevisoma vyote vitatu.

Na kwa binti wa chuo pale Malimbe aliyenionyesha kazi yake yenye kichwa "Tawasifu ya Siti binti Saad": futa "ta", kisha "ya" iwe "wa". Hoja zako ndani ziko sawa, usiziguse.