Jani Moja la Mshubiri, Dawa Mbili Zisizofanana

Aliyesema kwamba kitu fulani ni kichungu kama shubiri hakuwa akizungumzia ute unaopakwa usoni. Hata hivyo, dhana iliyoenea kuliko zote kuhusu mshubiri, ambao wengi siku hizi huuita alovera, ni kwamba uchungu ndio kipimo cha nguvu yake, na kwa hiyo jani zima husagwa likanywewa pamoja na ganda lake.

Ukweli ni kwamba jani hilo hubeba vitu viwili. Chini tu ya ganda kuna utomvu wa manjano, ambao ndio shubiri yenyewe, ile inayopakwa kwenye chuchu mtoto anapoachishwa ziwa (desturi isiyofaa kuigwa, kwa kuwa mtoto hulamba dawa ya kuharisha). Katikati kuna ute mwangavu, usio na ladha ya kutajika, ambao karibu wote ni maji. Utomvu una aloini, kemikali inayousisimua utumbo mpana hadi mtu akaharisha. Ute hauna kazi hiyo.

Tofauti hiyo huonekana kwa macho. Jani la nje lililokomaa likikatwa karibu na shina na kusimamishwa ndani ya bakuli kwa robo saa, upande uliokatwa ukiwa chini, matone ya manjano yenye harufu kali hujikusanya polepole, na yakidondokea nguo huacha doa. Hapo ndipo jani huoshwa, kingo zenye miiba zikaondolewa, ganda likamenywa, na ute ukasuuzwa mpaka usibaki na rangi.

Wapo wanaoamini kwamba kinachotoka bustanini hakiwezi kudhuru. Mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliziondoa dawa za kuharisha zenye shubiri kati ya zile zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa watengenezaji hawakuwa wamewasilisha ushahidi wa kutosha wa usalama wake. Kuharisha kwa muda mrefu hupunguza potasiamu mwilini, jambo la hatari hasa kwa anayetumia dawa za moyo au za kukojosha, na mjamzito hapaswi kunywa shubiri kabisa. Mgonjwa wa kisukari anayechanganya juisi ya mshubiri na vidonge vyake anaweza kushusha sukari kupita kiasi. Anayeacha vidonge kwa ajili ya juisi hiyo anajiweka pabaya zaidi.

Kwa kuungua kidogo, ute unafaa, lakini baada ya kupoza ngozi kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, si badala yake. Jeraha la kina lipelekwe zahanati.

Si kweli pia kwamba mshubiri wa porini ni uleule wa uani. Jamii hii ina spishi zaidi ya 500, baadhi zikiwa na sumu, ilhali huu wa nyumbani asili yake ni Rasi ya Arabuni. Ni salama zaidi kuomba chipukizi kwa jirani anayeujua mmea wake.

Majani yakilainika na kugeuka kahawia, wengi huongeza maji, kumbe mizizi imeanza kuoza. Chipukizi liachwe kivulini siku mbili tatu ili kidonda chake kikauke, kisha lipandwe kwenye kopo lililotobolewa chini, lenye udongo uliochanganywa na mchanga, na limwagiliwe pale tu kidole kikizamishwa udongoni kitakapotoka kikavu.