Kidonge cha supu ni chumvi kwanza

Geuza pakiti ya vidonge vya Maggi, Knorr au Royco usome viambato. Huandikwa kwa uzito, kizito kikitangulia, na karibu kila mara chumvi ndiyo ya kwanza. Hufuata E621, yaani kiongeza ladha kiitwacho monosodiamu glutameti, pamoja na wanga, mafuta ya mawese, sukari na viungo. Kuku aliyechorwa kwenye karatasi yuko mkiani, kama yupo.

Kwa hesabu ya jikoni, kidonge cha gramu 10 kina chumvi gramu 5 hivi, karibu kijiko cha chai kisicho na kilima. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Kwa hiyo kidonge kihesabu kama chumvi, na chumvi ya kopo ije baadaye, ukishaonja. Mchuzi ukiungua chumvi, mara nyingi ni kwa sababu mpishi ameweka vyote viwili mwanzoni, kisha maji yakapungua jikoni na chumvi ikabaki palepale.

Kidonge kimoja cha gramu 10 kinatosha nusu lita ya mchuzi. Usikitupe kwenye mafuta ya moto pamoja na vitunguu: sukari na wanga vyake huungua upesi na kuacha uchungu. Ngoja nyanya ziive na kutoa maji, ukivuruge kwenye maji ya moto kidogo, ndipo umimine. Kikitumbukizwa kizima kwenye rojo zito hubaki bonge, na mmoja wa walaji ndiye atakayelipata.

Maharage yachemshe bila kidonge mpaka yalainike, maana maji utayaongeza mara kadhaa na hutajua yatakayobaki. Yaunge kwanza, kidonge kiingie dakika 10 za mwisho. Samaki wa nazi, kiyeyushe kwenye tui jepesi. Tui zito likishaingia hutaki kukoroga sana. Mchicha hauna maji ya kutosha, robo ya kidonge inatosha fungu zima.

Pilau ndiyo yenye kudai uangalifu, kwa kuwa wali ukishakauka huna pa kurekebisha. Mchele nusu kilo wa kawaida, maji lita moja: weka kidonge kimoja, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kisha onja maji kabla ya kutia mchele. Yawe yamekolea kidogo kuliko supu unayoweza kunywa, kwani mchele utainywa chumvi hiyo. Ikiwa una supu ya nyama uliyoichemshia mwenyewe, kidonge acha. Kitaifunika ladha ya bizari nyembamba, na hapo sioni faida yake.

Papa mkavu na ng'onda (samaki wa kukaushwa) vimeshakolea chumvi, navyo havihitaji kidonge. Nyanya ya kopo pia ina glutameti yake ya asili, ndiyo maana mchuzi wake hukolea kwa nusu kidonge tu.

Chumvi ikizidi, kiazi hakiiondoi. Kinanyonya maji yenye chumvi ileile, na mchuzi unaobaki ni mkali vilevile. Ongeza maji, tui au nyanya zisizotiwa chumvi, au kunde zilizochemshwa bila chumvi.

Pwani kwenye unyevu, kidonge kilichofunguliwa hulowana na kunata. Nusu iliyobaki ikunje kwenye karatasi yake, uitie kwenye kopo lenye mfuniko unaokaza. Ikianza kunuka mafuta yaliyochacha, itupe.